Namna ya Kufanya Mazoezi ya Safari Ndefu za Baiskeli Wakati wa Kipupwe

Mwendesha baiskeli anayeondoka Chimala asubuhi ya mwezi wa Julai, akaziacha lami na vumbi la barabara kuu ya kwenda Mbeya na kupanda kona 57 za njia ya Matamba hadi tambarare ya Kitulo, hupita majira mawili ndani ya siku moja. Chini, kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, fulana moja inamtosha. Juu, kwenye mita 2,600, hukuta nyasi ambazo alfajiri zilikuwa zimefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda, pamoja na upepo wa kusi usio na mti wa kuuzuia. Katikati ya hapo ametoka jasho kwa saa tatu au nne. Jasho hilo ndilo linalowashinda wengi kuliko baridi yenyewe, kwa sababu mwili unaopanda mlima hujitengenezea joto la kutosha hata katika nyuzi joto 2, lakini mwili uliolowa ukisimama dakika kumi kwa ajili ya chai, au ukianza kuteremka, hupoteza joto hilo upesi kuliko unavyoweza kulirudisha. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kujizoeza masafa marefu katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Makambako na Njombe hadi Makete na Mbeya, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na karibu kila shauri lililomo linahusu namna ya kubaki mkavu.

Kwanza ni vizuri kuelewa baridi hiyo inatoka wapi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya Chimala na Kitulo kuna tofauti inayokaribia nyuzi 10 hata kama jua linawaka kotekote. Juu ya hilo, baiskeli hujitengenezea upepo wake. Hewa ikiwa na nyuzi 5 na hakuna upepo wowote, ngozi ya mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa huhisi kana kwamba ni nyuzi sifuri, na kwenye mteremko wa kilomita 50 kwa saa huhisi chini ya sifuri. Ongeza nguo iliyolowa, na hesabu yote huharibika, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mno yakilinganishwa na hewa kavu. Ndiyo maana asubuhi ya manyunyu yenye nyuzi 8 pale Njombe inaweza kumuumiza mtu zaidi kuliko asubuhi kavu ya sakitu kule Makete.

Mavazi

Kanuni ninayoifuata ni kuondoka nyumbani nikihisi baridi kidogo. Ukiwa umestarehe kabisa langoni, basi umevaa nguo nyingi mno, na baada ya kilomita tano utakuwa umeanza kulowa. Nguo ya kwanza, ile inayogusa ngozi, isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, ikageuka kitambaa cha maji baridi mgongoni. Itafutwe sufu nyembamba au fulana ya michezo ya polista, na kwa bahati njema masoko ya mitumba ya Makambako, Njombe na Mbeya yamejaa sweta nyembamba za sufu zilizotoka katika nchi za baridi, ambazo watu huzipita wakikimbilia majaketi manene. Lebo ikiwa imekatwa, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo na uuchome kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, ilhali nyuzi za viwandani huyeyuka na kuganda kama punje ngumu ya plastiki.

Juu ya hiyo ivaliwe sweta ya pili inayoweza kuvuliwa, na juu kabisa jaketi jepesi la kuzuia upepo lenye zipu ndefu mbele. Zipu hiyo ina thamani kuliko unene wa jaketi, kwa sababu ndiyo itakayofunguliwa hadi kitovuni kila unapopanda na kufungwa hadi kidevuni kila unapofika kileleni, pengine mara ishirini kwa siku. Koti zito la mvua la plastiki halifai kuvaliwa wakati wa kupanda, hata kama kuna manyunyu, kwa kuwa halipitishi mvuke na ndani yake utalowa kwa jasho kama ambavyo ungelowa kwa mvua. Likunjwe, lifungwe nyuma ya kiti, na litolewe kwa ajili ya mteremko au mvua ya kweli.

Beba pia magazeti mawili ya zamani. Waendesha baiskeli wa Ulaya wamekuwa wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji kwenye vilele vya Alps na kuyaingiza kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka, na hadi leo sijaona kitu chepesi na rahisi kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Karatasi huzuia upepo, hunywa unyevu kidogo, na ikishalowa hutupwa kwenye pipa la kijiji kinachofuata, likachukuliwa gazeti la pili.

Viganja na miguu huhitaji uangalifu wa pekee kwa sababu mwili unapopoa hupunguza damu huko ili kulinda moyo na ini. Glavu za sufu zilizofunikwa na glavu kubwa za mpira za kuoshea vyombo hushinda glavu nyingi za bei kubwa siku ya manyunyu. Miguuni, soksi moja nzito ndani ya kiatu kilicholegea ni bora kuliko soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, kwa kuwa kiatu kikibana damu haipiti na vidole hufa ganzi. Kati ya soksi na kiatu mtu anaweza kuweka mfuko wa kufungia mkate; mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini vifungashio vya mkate bado vipo, na vinakinga vidole dhidi ya upepo na maji yanayorushwa na tairi. Magoti yafunikwe kila joto linaposhuka chini ya nyuzi 15, hata kama hayaumi. Masikio yafunikwe kwa mzula mwembamba unaoingia chini ya helmeti bila kuiinua.

Saa ya kuondoka na uchaguzi wa njia

Wengi wetu tumelelewa na desturi ya kuianza safari alfajiri, na katika joto la pwani ni desturi nzuri. Katika kipupwe cha nyanda za juu haifai. Saa ya baridi kali zaidi ni ile inayozunguka mapambazuko, na Njombe mwezi wa Julai jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, mara nyingi nyuma ya ukungu ambamo dereva wa lori la mbao hawezi kumwona mtu hadi amemkaribia kabisa. Anza saa 2 au saa 2 na nusu, ukungu ukiwa umeanza kuinuka. Bado utakuwa na saa nyingi za mwanga kabla ya jua kuzama saa 12 na nusu jioni. Hata hivyo taa nyekundu ya nyuma iwake mchana kutwa, na kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya nguo nyingine zote, wala kisifichwe chini ya jaketi pindi baridi inapozidi.

Barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya kupitia Makambako ina mabasi yanayokwenda kasi na malori ya mizigo ya Zambia, na kwa maoni yangu haifai kwa mazoezi ya kila wiki. Kipande cha Makambako hadi Njombe, kama kilomita 60, kina msongamano mdogo zaidi, na barabara ya lami ya Njombe hadi Makete, inayozidi kidogo kilomita 100 kwa kupitia Moronga, ni darasa zuri kuliko yote kwa mtu aliyekwisha kuzoea. Njia ya kona 57 ni ya changarawe, na anayetaka kuendelea hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo aulize kwanza utaratibu wa hifadhi.

Zingatia upepo unapochagua upande wa kuanzia. Katika miezi hii upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Anayeishi Makambako akienda Njombe na kurudi huanza kwa kupambana nao akiwa na nguvu na nguo kavu, kisha hurudi ukimsukuma mgongoni. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa. Anayetoka Njombe kwenda Makete, yaani upande wa magharibi, hupata kinyume chake: huenda kwa urahisi wa kumdanganya, na akigeuka nyuma jioni, amechoka na amelowa, upepo unamngoja usoni. Katika njia ya namna hiyo geuka mapema kuliko miguu inavyokushauri, au panga kulala mwisho wa safari na kurudi kesho yake.

Mwendo na urefu wa safari

Mazoezi ya masafa marefu hujengwa kwa mwendo wa taratibu. Kipimo kisichohitaji chombo chochote ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima bila kuikatiza kwa kuhema. Ukishindwa, punguza gia na upunguze mwendo, hasa katika milima, kwa sababu hapo ndipo jasho huzaliwa. Huu ndio mwendo unaofundisha mwili kutumia mafuta yake kwa saa nyingi, na kwa bahati ndio pia unaotoa joto la kutosha bila kulowesha nguo. Dakika 20 za kwanza ziwe nyepesi zaidi, misuli ipate joto kabla haijadaiwa kazi.

Mtu anayeanza aweke safari ndefu moja kwa wiki, ya saa 2, aiongeze kwa karibu sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne aipunguze ili mwili upumzike. Nahesabu saa badala ya kilomita kwa sababu katika baridi kilomita hudanganya: hewa ya nyuzi sifuri ni nzito kwa asilimia 7 hivi kuliko hewa ya nyuzi 20, nguo nene huushika upepo, na anayefukuzia wastani wake wa miezi ya joto atajikuta anajitesa bila faida. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Tanga akumbuke pia kwamba shinikizo la hewa kwenye mita 2,500 ni robo tatu tu ya lile la pwani. Siku nne au tano za kwanza asifanye lolote zaidi ya matembezi mafupi ya baiskeli.

Chakula na vinywaji

Baridi hupunguza kiu na huongeza haja ndogo, kwa hiyo mtu hukauka bila kujua. Kunywa kidogo kila dakika 15 hata kama hutaki. Mimi hujaza chupa maji ya moto yenye tangawizi, vijiko saba vya chai vya sukari na chembe ya chumvi kwa kila nusu lita, kisha huivisha soksi kuukuu ya sufu, na kinywaji hubaki na joto kwa saa moja au zaidi. Kwa safari inayozidi saa 4, chupa ndogo ya chai ndani ya begi inastahili uzito wake.

Chakula kiwe cha kutoa kati ya gramu 30 na 60 za wanga kila saa, na kianze kuliwa ndani ya saa ya kwanza. Ndizi mbivu mbili hukaribia gramu 50. Viazi mviringo, ambavyo Njombe na Makete zina vya kutosha, vikichemshwa na kutiwa chumvi huwa chakula kizuri mno cha njiani, na vikiwekwa mfukoni vikiwa vya moto hupasha joto mgongo wakati wa kuondoka. Menya na ukate kila kitu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu vidole vyenye ganzi havifungui fundo wala kumenya yai. Ulanzi uache hadi siku nyingine: pombe hutanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto wakati kwa kweli joto lake linatoka nje.

Baiskeli yenyewe

Hapa hakuna mengi. Tairi lililojazwa upepo ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 hupoteza paundi 4 au 5 za shinikizo kati ya 80 likitoka kwenye nyuzi 5, hivyo lipimwe nje. Rimu zilizolowa umande hazishiki breki kwa mizunguko ya mwanzo; zibane kidogo mara mbili tatu kabla hujahitaji kusimama kweli. Cheni ifutwe na kutiwa mafuta baada ya kila safari ya ukungu. Beba tyubu nzima mbili badala ya kutegemea viraka, kwa kuwa gundi hukauka polepole mno katika baridi na unyevu, na jizoeze kubadilisha tyubu ukiwa umevaa glavu zile nyembamba, maana dakika 15 za kuinama kando ya barabara ndizo dakika za hatari kuliko zote katika safari nzima. Kabla ya kuanza kazi hiyo, vaa kila nguo uliyobeba.

Mteremko

Tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalivuka kilele cha Gavia katika Alps za Italia, chenye mita 2,621, karibu sawasawa na Kitulo, huku theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alikuwa wa kwanza kileleni, akiwa na jezi ya mikono mifupi. Kupanda kulimpasha joto. Kilometa chache baada ya kuanza kuteremka alilazimika kusimama kutafuta hifadhi, na alimaliza akiwa zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi wa siku, Erik Breukink. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imenunua nguo za kuteleza kwenye theluji asubuhi hiyo na kumpa juu ya mlima, alifika wa pili, akaivaa jezi ya waridi ya anayeongoza mashindano na hatimaye akashinda mashindano yote. Tofauti kati ya wawili hao ilikuwa nguo kavu zilizokuwa zikingoja kileleni.

Kwa hiyo simama kabla ya kilele, mahali palipokingwa na upepo, ukiwa bado una joto. Badilisha fulana ya ndani kama imelowa. Fulana moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji ndiyo mzigo wenye maana kuliko mingine yote. Weka gazeti kifuani, funga zipu, vaa koti, na uvae glavu za mpira juu ya zile za sufu. Unapoteremka, endelea kuzungusha pedeli hata kama hazina kazi, ili miguu isigande, na jaribu kila baada ya dakika chache kugusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Vidole vikishindwa kukutana, vinakaribia kushindwa kuvuta breki pia. Simama, vipashe joto kwapani, ndipo uendelee.

Mwaka wangu wa kwanza katika njia ya Makete niliingia katika banda la chai pale Moronga nikitetemeka kiasi cha kumwaga kikombe, nikiwa na fulana ya pamba iliyolowa chini ya jaketi zuri. Nilipomwamkia mama mwenye banda na kuomba chai nyingine, alinitazama akasema, “Mwanangu, vua hiyo fulana kwanza, chai itakuja.” Akanipa khanga mbili na kunielekeza pembeni ya jiko. Alikuwa na haki kuhusu utaratibu wenyewe: nguo zilizolowa huondolewa kwanza, kisha mwili hukaushwa na kufunikwa, ndipo kinywaji cha moto chenye sukari hufuata. Kutetemeka ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Mwenzako akianza kuongea kwa kukokota maneno, akiyumba, akidai hana baridi tena, au akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, joto lake la ndani huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Safari imekwisha, mfunike, usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na mtafutieni gari la kumpeleka hospitali.

Ukifika nyumbani

Badilisha nguo kabla ya kukaa, kabla ya kula na kabla ya kusimulia safari. Kula ndani ya saa moja. Gazeti lililobaki kavu likunjwe vipande na kuingizwa ndani ya viatu, libadilishwe baada ya saa moja, na viatu viwekwe mbali na moto, kwa sababu joto la karibu hulegeza gundi ya soli. Na jiko la mkaa, ambalo kila mtu aliyetoka kwenye baridi hulitamani, libaki nje au mahali penye madirisha wazi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na mtu aliyechoka kwa kilomita 100 atasinzia mapema kuliko atakavyotambua kwamba kichwa kinamuuma. Otea moto barazani, kisha ingia ndani ulale na blanketi mbili.